Maji ya Gari Jekundu

Bomba la uani lilikohoa mara mbili, likatema kutu, likanyamaza. Dodoki alilisubiri kidogo, mkono ukiwa bado juu ya koki, kisha akalifunga na kujifuta kiganja kwenye suruali. Ilikuwa siku ya nne bomba linakohoa hivyo hivyo. Nyuma yake, chini ya paa la mabati, magari kumi na moja ya baraza la mji yalikuwa yamepangwa pua nje, mengi yamevaa vumbi la wiki nzima, na kufikia saa nne asubuhi ile yalitakiwa yawe yanang'aa kwa ajili ya mkutano wa wageni.

Alikuwa kibarua pale kwa mwaka wa tisa. Jina la Dodoki alilipata kutokana na dodoki kavu alilosugulia rimu, na wala halikumuudhi. Lile lililoandikwa kwenye kitambulisho chake halikuwahi kuitwa na mtu ndani ya uwanja ule.

Ukikaa na magari ya watu miaka tisa, unawajua wenyewe pengine kuliko wake zao wanavyowajua. Mhandisi wa barabara hakutaka lake lioshwe nje hata kidogo. Ndani lisafishwe mpaka chini ya viti, lakini tope la milangoni liachwe palepale, watu waone kwamba bwana mkubwa anashinda porini akikagua kazi. Afisa wa afya alikuja na sabuni yake, kitambaa chake na glavu zake, akasimama kando akiziba pua, kana kwamba uchafu ule umetoka mwilini mwa mwoshaji. Bwana Mipango hakuruhusu mkono wa mtu. Kila Jumamosi alifika na kaptula, akalisugua mwenyewe kwa mswaki, kona kwa kona, akilibembeleza kwa sauti ya chini, na wenzake walisema mkewe angepata nusu ya mapenzi yale asingekuwa anarudi kwao kila mwezi. Dereva wa lori la taka naye hakuosha kitu. Alifuta kioo cha mbele kwa gazeti kavu, akaondoka, akisema mzigo wake haujawahi kulalamika.

Mwenye masharti alikuwa Mkurugenzi. Gari lake jeupe lilioshwa kila siku, hata kama jana yake halikutoka, na halikuoshwa kwa maji ya ndoo. Hilo alilisema mwenyewe, akiwa ameinama juu ya boneti na kumwonyesha Dodoki mchirizi mwembamba kama unywele.

"Unauona huu? Maji ya ndoo haya. Kitambaa kinarudi kwenye ndoo, kinachota mchanga, halafu unanichora nacho. Mimi nataka maji yanayotembea. Ya presha."

Kila kiangazi maji yanayotembea yalipatikana mahali pamoja tu katika uwanja mzima, nako ni tumboni mwa gari la zimamoto.

Hakuna aliyeandika agizo. Ilianza siku moja kwa gari moja, Kamanda wa zimamoto akikubali kwa kutikisa kichwa tu, maana Mkurugenzi ndiye aliyekuwa anapitisha barua za kupandishwa vyeo. Kisha Mweka Hazina akauliza kwani yeye lake lina ukoma. Kisha wakauliza wengine. Mwaka wa tatu sasa ilikuwa ndiyo kawaida: mpira mwembamba wa ubavuni unavutwa kutoka gari jekundu, magari yanaoshwa, na jioni boza la maji linakuja kujazia palipopungua. Jioni nyingine lilikuja. Jioni nyingine lilikuwa na safari zake.

Gari jekundu lenyewe lilikuwa halijaenda kwenye moto kwa miezi saba, lakini lilioshwa kila siku ya Mungu. Ubavuni lilikuwa na mrija wa kioo uliosimama wima, wa kuonyesha maji yaliyomo, na chini kidogo ya nusu ya mrija palikuwa na alama ya rangi nyekundu. Dodoki alikuwa na mazoea ya kuutazama mrija ule kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Asubuhi ile maji yalikuwa vidole vinne tu juu ya alama.

Dereva wa gari hilo, mzee aliyebakiza miezi minne astaafu, alikuwa amekaa nyuma ya usukani na mlango wazi, redio ya mawasiliano ikiwa mkononi. Saa moja kamili ikalia.

"Gari la kwanza, hali ya tenki?"

"Limejaa," alisema Dereva.

"Limejaa. Asante."

Dodoki alisubiri redio izimike. "Mzee, mbona unawaambia limejaa?"

"Nikiwaambia halijajaa wataniuliza yaliyobaki yamekwenda wapi. Niwajibu nini, kaka? Kwamba yako kwenye rimu za Mkurugenzi?" Dereva alicheka kwa pua. "Nimebakiza miezi minne. Nataka niondoke na kiinua mgongo changu, siyo na kesi."

"Na boza la jana?"

"Lilikwenda kwa Mkurugenzi. Anamwaga zege la ghorofa ya pili, na zege halijui kusubiri."

Upepo ulipita uani ukabeba makaratasi, ukayabandika kwenye wavu wa uzio. Ulikuwa unavuma hivyo tangu juzi, mkavu, wa kupasua midomo. Dodoki aliinua macho kutazama kilimani. Kutoka uani pale mtaa wa mbao ulionekana wote, nyumba juu ya nyumba, mbao zilizokauka mpaka zikageuka kijivu, nyaya za umeme zikiwa zimepitishwa kutoka paa hili hadi lile kama kamba za kuanikia nguo. Katika safu ya tatu kutoka juu, chumba cha mlango wa buluu, ndipo alipokuwa mama yake.

Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja kwa mwaka wa pili. Alfajiri Dodoki alimnawisha uso kwa kikombe kimoja cha maji, akamgeuza, akamwachia chai kwenye chupa. Mchana jirani yake, mshona nguo wa mlango wa pili, alikuwa akimtupia jicho kila alipomaliza pindo. Mama alikuwa na jambo moja la kujivunia, naye hakulificha: kila aliyeingia chumbani aliambiwa kwamba mwanawe yuko zimamoto. Hakusema anaosha magari. Alisema yuko zimamoto, akanyamaza ili neno likae. Dodoki alishajaribu kumsahihisha mara moja, akaona namna uso wa mama ulivyoporomoka, na hakurudia tena.

Alivuta mpira, akaanza na gari la Afisa wa afya.

Aliosha kwa ubahili ambao hakuna aliyeuona. Alikuwa analowesha, anafunga, anasugua kwa dodoki, anafungua tena kwa pumzi mbili tu za maji, anafunga. Kila akimaliza gari alikwenda kuutazama mrija. Magari manne, kidole kimoja kimeshuka. Magari sita, viwili na nusu. Alipomaliza la nane, maji yalikuwa yamekaa sawasawa juu ya alama, yakitikisika kidogo kwa upepo. Chini ya alama ile, Dereva alikuwa amemwambia siku nyingi, hapana maji ya kuzimia nyumba. Pana maji ya kuzimia jiko.

Katika miaka tisa hakuwahi kukataa kazi. Aliuweka mpira chini, akaenda kumtafuta Kamanda, akamkuta mbele ya ofisi anakagua kung'aa kwa viatu vyake.

"Shikamoo, Kamanda."

"Sema."

"Maji yamefika kwenye alama. Nilikuwa naomba hayo matatu yaliyobaki niyafute kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa leo tu."

"Yamebaki ya nani?"

"La Mweka Hazina, la Mkurugenzi na hili letu."

"Mkurugenzi umfutie kwa kitambaa." Kamanda hakupandisha sauti. Alirudia maneno yale taratibu, kama mtu anayeonja mboga ambayo haina chumvi.

"Upepo ni mkali, Kamanda. Likitokea la kutokea..."

"Lipi?"

Dodoki aligeuza macho kilimani.

"Nakuuliza, lipi? Uliletwa hapa kuosha au kutabiri?"

"Kuosha."

"Vizuri. Sasa nikuambie kitu ambacho sikutakiwa kukuambia. Faili lako la ajira ya kudumu liko mezani kwa Mkurugenzi tangu Jumatatu. Miaka tisa umelisubiri. Leo hii anatoka ofisini na wageni wake, anakuta gari lake limefutwafutwa kama meza ya kahawa. Unadhani kalamu itakwenda wapi?" Alimpiga bega kidogo, kwa huruma ya aina yake. "Boza litakuja jioni. Na hili letu ulioshe mwisho, ulioshe vizuri. Wageni watapiga nalo picha."

Ajira ya kudumu maana yake ilikuwa bima. Bima maana yake ilikuwa mama kupelekwa kwa mtaalamu wa viungo, yule ambaye daktari wa zahanati alimtaja mwaka jana halafu akaona aibu kuendelea. Dodoki alijikaza kisabuni, akarudi kwenye mpira. Aliosha gari la Mweka Hazina, kisha la Mkurugenzi, kwa maji yanayotembea. Alipomaliza, dereva wa Mkurugenzi aliona tone la kinyesi cha ndege, jeupe kama chokaa, juu ya paa, akamwambia arudie, naye akarudia. Kisha akaliosha gari jekundu, kuanzia ngazi hadi taa ya juu, kwa maji ya tumbo lake lenyewe. Hakwenda tena kuutazama mrija. Alijua, na hakutaka kuwa na uhakika.

Saa nne wageni walifika. Walipiga picha mbele ya gari jekundu, wakasifu usafi, wakaingia ukumbini.

Moshi ulionekana saa saba kasoro. Mwanzoni ulikuwa mweupe na mwembamba, na Dodoki alijiambia kwamba kuna mtu anachoma takataka. Alijiambia hivyo huku ameshasimama. Ulipogeuka mweusi ulifanya hivyo kwa ghafla, ukalala upande kwa upepo, na chini yake pakaonekana kitu chekundu kinachoruka kutoka paa hadi paa. Moto ulikuwa unaanzia safu ya chini ya mtaa wa mbao, na upepo ulikuwa unapanda kilima.

Redio ilishaanza kuita. Askari wawili wa zimamoto walikuwa wanavaa makoti wakikimbia. Dodoki aliparamia ngazi ya nyuma ya gari, mahali ambapo kibarua haruhusiwi kukanyaga isipokuwa kwa kitambaa, na hakuna aliyemshusha.

"Mzee," alisema kwa kupitia dirisha dogo la nyuma, "boza limeitwa?"

"Limeitwa. Liko upande wa pili wa mji." Dereva hakugeuka. Aliwasha king'ora.

Njia nzima watu waliwapisha. Walipisha mapema, kabla gari halijakaribia, wakabandika migongo ukutani, wakavuta wachuuzi na meza zao. Wengine walikuwa wanakimbia kando ya gari wakilionyesha njia, na uso wa kila mmoja, Dodoki aliuona mmoja baada ya mwingine kutoka pale nyuma, ulikuwa umefunguka. "Wamefika," walikuwa wanapokezana kutoka kona hadi kona kuelekea juu. "Zimamoto wamefika." Aliwahi kuota ndoto nyingi mbaya maishani, lakini hakuwahi kuota anatazamwa hivyo.

Barabara iliishia chini ya kilima. Askari walitandika mpira mkubwa, Dereva akafungua pampu. Mpira ulivimba, ukakakamaa, ukarusha maji juu ya mapaa ya kwanza, na umati ukapiga makofi. Moto wa nyumba mbili ulilala chini. Dodoki alikuwa ameshika ngazi kwa mikono yote miwili, anahesabu pumzi zake. Zilikuwa bado hazijafika hamsini maji yalipopinda, yakaanguka karibu, yakadondoka mbele ya viatu vya askari. Mpira ukatema hewa, ukalegea.

Moto tu ndio ulikuwa unaongea.

"Vipi?" aliuliza mwanamume mmoja aliyekuwa amebeba godoro.

"Pampu imepata hitilafu," alisema Dereva.

Mwanamume yule aliweka godoro chini, akaokota jiwe, akalisogelea gari, akaligonga tenki mara tatu, kwa utulivu, kama anayebisha hodi. Likalia debe tupu. Aligeuka akawatazama wenzake, na jiwe lilelile ndilo lililovunja taa ya kwanza.

Dodoki alikuwa ameshakimbia. Alipanda kwa vichochoro alivyovijua tangu utoto, akapishana na watu waliobeba vyerehani, vitanda, watoto, luninga. Safu ya tatu kutoka juu alizuiwa na joto. Mlango wa buluu haukuwapo. Palikuwa na mdomo wa moto palepale ulipokuwa mlango, na watu wawili walimshika mabega, wakamwangusha, wakamkalia.

Mshona nguo alimkuta hapo baadaye, upepo ulipokuwa umetulia na kila kilichotaka kuungua kimeungua. Nyusi zake zilikuwa zimeungua na mikononi alikuwa na malengelenge. Alikaa chini karibu naye, akaongea akiangalia magoti yake.

"Tulikuwa tumeshamtoa kitandani, kaka. Mimi na binti yangu. Tulikuwa tumemfikisha mlangoni, nimemkalisha kwenye stuli nipumue. Ndipo tukasikia king'ora. Mama akasema, niacheni hapa, nendeni mkachukue watoto wa nyumba ya nyuma, mwanangu anakuja na maji." Alifuta majivu gotini. "Mara mbili alisema. Mwanangu anakuja na maji. King'ora kilikuwa karibu, nikaona ni dakika moja tu. Watoto tumewatoa, wote watatu. Niliporudi, njia haikuwapo."

Dodoki alitaka kumwambia yalikokwenda maji. Alitaka kumwambia kuhusu tone la chokaa ya ndege.

Asubuhi yake mlinzi wa baraza alikuja kumchukua. Mama alikuwa amelazwa nyuma ya ukuta wa shule, amefunikwa khanga mbili za mshona nguo, na pembeni yake walikuwa wamelazwa wengine wanne. Mazishi yalipangwa kuwa saa kumi. Kibanda cha kuuza maji kilikuwa kimeungua na vingine, na wanawake walikuwa wanashauriana wapi pa kupata maji ya kuwaoshea marehemu. Dodoki aliondoka akidhani anaitwa kupewa msaada.

Kamanda alisimama alipoingia. Hilo halikuwahi kutokea.

"Pole sana. Nimesikia habari za mama."

"Asante."

"Baraza litatoa gari la kumpeleka makaburini. Na sanda. Nimelisimamia mimi mwenyewe." Alimvutia kiti. Dereva alikuwa amekaa pembeni, kichwa kimefungwa bendeji. "Sasa kuna karatasi hii, jambo dogo. Wakubwa wanataka maelezo. Nikusomee?"

Alimsomea. Karatasi ilisema kwamba yeye, kibarua wa usafi, alikuwa na tabia ya kutumia maji ya tenki la zimamoto kuoshea magari, bila idhini wala ufahamu wa mkuu yeyote.

"Kamanda, wewe ndiye uliyesema."

"Mimi nilisema uoshe. Kuosha ndiyo kazi yako. Nilisema uoshe kwa nini?"

"Nilikuja kukuambia maji yamefika kwenye alama."

"Nani alikuwapo?"

Dodoki alimgeukia Dereva. "Mzee."

Dereva alikuwa anashughulika na kifungo cha shati lake. Kilikuwa kimefungwa tayari, akakifungua, akakifunga tena.

"Sikiliza," alisema Kamanda, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli, jambo lililotisha zaidi. "Ukiweka dole gumba hapa, jambo hili linabaki ndani. Utaonywa, basi. Gari la mazishi linatoka saa tisa. Usipoweka, polisi watataka kukuuliza wenyewe, na wakishakuchukua sijui watakuachia lini. Sasa mama atazikwa na nani?"

Wino ulikuwa wa buluu. Aliweka dole.

"Asante. Sasa kabla hujaenda." Kamanda alimwonyesha dirishani. Gari jekundu lilikuwa limesimama katikati ya uwanja, vioo vimevunjika, mwili mzima umepakwa masizi na tope. "Mheshimiwa Mbunge anakuja saa tano kutoa pole. Atahutubia hapa, siyo kule, kule hapana usalama. Hawezi kusimama mbele ya gari la namna hiyo. Dakika arobaini tu, halafu uende kwa mama."

Boza lilikuwa limekuja alfajiri mara mbili. Maji kwenye mrija yalikuwa yamefika juu kabisa, hata huwezi kuona yanaishia wapi. Dodoki alivuta mpira, akafungua, na presha ikamrudisha nyuma hatua moja. Masizi yalianza kuteremka kwa michirizi myeusi. Kwenye ngazi ya nyuma, pale alipokuwa amesimama jana, majivu yalikuwa yameshika ndani ya mitaro ya chuma, akapiga magoti kuyatoa kwa ukucha. Yalikuwa majivu laini, ya mbao na ya nguo. Aliendelea kutoa.

"Kaka."

Mshona nguo alikuwa amesimama nje ya geti na wanawake wengine watatu, kila mmoja na ndoo. Mlinzi alikuwa amewazuia kwa rungu lililolazwa.

"Tumesikia kuna maji," alimwambia mlinzi. "Tunaomba ndoo mbili tu. Ni ya kuoshea marehemu."

"Haya ni maji ya dharura, dada. Hayagawiwi."

"Yule ndiye mwenye mama. Muulize."

Mlinzi hakugeuka kuuliza. Dodoki alisimama, akaanza kutembea kuelekea getini na mpira mkononi. Ulimfuata, ukanyooka, ukakaza, ukakoma hatua kumi kabla ya geti. Alivuta. Haukuongezeka. Basi akauelekeza juu, akafungua koki yote, na maji yakapita juu ya geti, juu ya kofia ya mlinzi, yakawashukia wanawake. Walinyanyua ndoo. Presha ilizipiga zikawatoka mikononi, zikabingirika barabarani. Mshona nguo aliikimbilia yake, akaikumbatia kwa mikono ile yenye malengelenge, akapiga magoti nayo katikati ya mwagiko, maji yakimpiga kifuani na usoni, akaishikilia.

Kamanda alikuwa anakimbia kuelekea kwenye koki ya gari. Aliifunga. Mpira ukalegea mikononi mwa Dodoki.

Ndoo ilikuwa na maji robo, na matope. Mshona nguo aliitazama, akainyanyua kichwani, akaondoka nayo, na wenzake wakamfuata wakiwa wamelowa.

Msafara wa Mheshimiwa uliwapita walipofika kona. Magari matatu yaliingia kwa mwendo wa haraka, yakapita kwenye dimbwi lililokuwa limejitengeneza getini, na tope likaruka hadi madirishani. Gari la katikati, jeupe, ndilo lililosimama mbele ya jukwaa la hotuba. Ubavu wake wote ulikuwa umechafuka. Ndani, nyuma ya kioo kilichofungwa, Mheshimiwa alikuwa anaongea na simu, anangoja.

"Umeona ulichofanya," alisema Kamanda kwa meno yaliyobanwa. Alimrushia kitambaa kikavu.

Dodoki alikiokota. Saa ya ukutani, nje ya ofisi, ilionyesha saa tano na dakika kumi. Alipiga magoti kando ya gari, akaanza na mlango wa nyuma, kwenye mshikio, ili Mheshimiwa apate kushuka kumpa pole bila kuchafua mkono.